Mtumwa juu ya madhabahu: kisanamu cha udongo na tamthilia ya Kirumi

Miongoni mwa vitu vidogo vilivyosalia kutoka katika dola ya Warumi, na ambavyo leo vimetawanyika katika majumba ya makumbusho ya Ulaya na Marekani, kuna aina moja ya kisanamu cha udongo wa kuchomwa ambayo hujirudia mara nyingi. Mtu mnene ameketi juu ya jiwe la mraba. Amekunja mguu mmoja juu ya mwingine. Mkono umeshika shavu, au mikono yote miwili imekutana juu ya goti. Kanzu yake ni fupi, na miguu pamoja na mikono imefunikwa kwa nguo ya kubana mfano wa ngozi ya pili. Uso wake si uso. Ni kinyago chenye mdomo uliofunguka kama faneli, nyusi zilizopanda juu, pua bapa, na nywele zilizoviringwa kuzunguka paji kama ngata ya mchukuzi wa mizigo. Kimo cha kitu chote, kwa kawaida, hakizidi shibiri moja. Mtu huyo ni mtumwa, na jiwe alilolikalia ni madhabahu.

Kukiita kisanamu hiki cha Kirumi kunahitaji ufafanuzi. Umbo lenyewe lilizaliwa Ugiriki katika karne ya nne K.K., wakati vichekesho vya Athens vilipoacha kuwakejeli wakuu wa mji kwa majina yao na kugeukia mambo ya nyumbani: baba bahili, kijana aliyependa mahali asipostahili, askari mwenye majigambo, na mtumwa mwerevu amzungukaye bwana wake. Menander, mwandishi mkuu wa vichekesho hivyo vipya, alimweka mtumwa madhabahuni katika tamthilia yake iitwayo Perinthia. Kipande cha mafunjo kilichosalia chamwonyesha bwana akiagiza kuni ziletwe ili Daos achomwe pale pale alipokimbilia. Katika kisiwa cha Lipari, kaskazini ya Sicilia, Luigi Bernabò Brea na Madeleine Cavalier walifukua vinyago na visanamu vya wachezaji kwa wingi, hata Bernabò Brea akaweza, mwaka wa 1981, kutoa kitabu kizima juu ya Menander na tamthilia ya Kigiriki kwa kutegemea udongo huo. Huko Myrina, katika pwani ya Uturuki ya leo, Wafaransa Edmond Pottier, Salomon Reinach na Alphonse Veyries walikuta makaburini, kati ya mwaka wa 1880 na 1882, visanamu vingi vya udongo, wachekeshaji wakiwamo. Sehemu yake imo Louvre, Paris.

Warumi walipokea yote mawili pamoja: tamthilia na sanamu yake. Mwaka wa 240 K.K. Livius Andronicus, mtu wa asili ya Kigiriki ambaye mwenyewe alikuwa amepitia utumwa, alionyesha mjini Roma tamthilia ya kwanza ya Kilatini iliyofuata mfano wa Kigiriki. Plautus, aliyefariki mnamo 184 K.K., ameachia dunia vichekesho 20 vilivyo karibu kamili. Terentius, ambaye maisha yake yaliandikwa na Suetonius, alizaliwa Carthage, akaletwa Roma akiwa mtumwa wa seneta Terentius Lucanus, akapewa elimu na uhuru, akaandika tamthilia 6 kabla ya kufa mwaka wa 159 K.K. Jina lake la tatu, Afer, lamaanisha Mwafrika. Haifai kulipita jambo hili haraka: miongoni mwa wale waliowafundisha Warumi kumcheka mtumwa jukwaani, wapo waliokuwa wameuonja utumwa wenyewe.

Ufundi wa kisanamu unaeleza mengi juu ya soko lake. Mfinyanzi hakukifinyanga kila kimoja kwa mkono. Alitengeneza kwanza mfano mmoja kwa uangalifu, akaufunika kwa udongo, akapata kalibu ya vipande viwili, wa mbele na wa nyuma, akazichoma kalibu hizo zikawa ngumu. Tangu hapo kazi ilikuwa ya kukandamiza udongo laini ndani ya kalibu kwa vidole, kuunganisha nusu mbili kwa udongo wa majimaji, kutoboa tundu mgongoni ili mvuke upate njia, kukausha, kisha kutia jokoni. Katika vilivyovunjika, alama za vidole vya fundi huonekana bado kwa ndani. Baada ya kuchomwa, kisanamu kilipakwa weupe, kisha rangi: nyekundu ya udongo, waridi, buluu. Rangi nyingi zimekwanguka, na ndiyo maana wageni wa makumbusho hudhani kwamba watu wa kale walipenda vitu vya rangi ya kahawia.

Udongo husinyaa ukikauka na ukichomwa. Kwa hiyo fundi wa mji mwingine aliponunua kisanamu kilichokwisha kuchomwa na kukitwalia kalibu mpya, watoto wa kalibu hiyo walitoka wadogo kuliko mzazi wao, na wajukuu wadogo zaidi, huku mikunjo ya nguo na nywele ikififia. Wataalamu hupima tofauti hizo na kupanga vizazi, kama mtu apangavyo nasaba. Kwa njia hii mtumwa mmoja aliyefinyangwa katika mji mmoja aliweza kuwa na wazao katika miji mingi, wote wakiwa na ukunjo ule ule wa mguu, hata pale ambapo tamthilia yenyewe ilikuwa imesahaulika. T.B.L. Webster alikusanya vitu vya namna hii katika orodha kubwa ya kumbukumbu za vichekesho vipya, iliyotolewa mara ya kwanza mwaka wa 1961 na kupanuliwa na J.R. Green na A. Seeberg mwaka wa 1995. Mwenye kuipitia huona upesi kwamba mtumwa ndiye aliyependwa kuliko wahusika wote wengine.

Hapa Kiswahili kina neno linalosaidia kufikiri. Lugha nyingi za Ulaya hutenga sanamu na kifuniko cha uso kwa majina mawili yasiyo na undugu. Kiswahili huita vyote viwili kinyago: kile kilichochongwa na kile kinachovaliwa. Kisanamu cha mtumwa, basi, ni kinyago cha mtu aliyevaa kinyago. Mfinyanzi hakumfinyanga mtumwa aliyemwona sokoni au shambani. Alimfinyanga mchezaji aliyevaa uso wa mtumwa, na uso huo ulikuwa umekwisha kupangwa. Msomi Julius Pollux, mzaliwa wa Naucratis huko Misri, aliyeandika katika karne ya pili B.K., alihesabu vinyago 44 vya vichekesho vipya, na 7 kati yake ni vya watumwa wa kiume. Mtumwa kiongozi ana nywele nyekundu na nyusi zilizoinuliwa. Mtazamaji wa safu ya mwisho alijua yule anayeingia ni nani kabla hajatamka neno.

Kwa nini madhabahu? Jibu bora limo katika Mostellaria ya Plautus, tamthilia ya nyumba yenye pepo. Mzee Theopropides amekaa Misri miaka mitatu kwa biashara. Nyuma yake mwanawe Philolaches amekopa fedha kwa riba, akamkomboa mwanamke ampendaye, akaigeuza nyumba kuwa mahali pa karamu. Baba anarudi ghafula. Mtumwa Tranio, aliyeshiriki katika kila ovu, anafunga mlango na kumwambia mzee asiuguse, kwa kuwa nyumba ina mzuka wa mgeni aliyeuawa humo. Uongo wa kwanza unadai wa pili: mdai wa riba anapofika, Tranio anasema kijana alikopa ili anunue nyumba nyingine, na nyumba hiyo ni ya jirani. Mambo yanafichuka. Mzee anawaficha watumwa wengine nyuma ya mlango, pingu mkononi, ili wamrukie Tranio kwa ishara. Tranio amesikia, na huku akiongea kana kwamba hakuna neno, anasogea taratibu hadi madhabahuni na kuketi.

Mazungumzo yanayofuata ndiyo kisanamu chenyewe kikipata sauti. Mzee ametaja kwamba jirani ameahidi kuwatoa watumwa wake wahojiwe kwa mateso ili ukweli upatikane. Tranio anajibu kwamba yeye anaishika madhabahu mapema ili watumwa hao wasipate pa kukimbilia, yaani anajifanya kuwa anamsaidia bwana. Mzee anambembeleza ashuke, ana shauri la kumwomba. Tranio asema akili zake hufanya kazi vizuri zaidi akiwa ameketi hapo. Mzee anatisha kumzungushia kuni na moto, kama yule bwana wa Menander. Mtumwa anamjibu kwa mzaha wa jikoni, kwamba yeye ni mtamu zaidi akichemshwa kuliko akichomwa. Hatimaye rafiki wa kijana anawaombea wote. Mwana anasamehewa upesi. Kwa Tranio mzee anakaza shingo, mpaka mtumwa mwenyewe ampe hoja: ana shaka gani, wakati kesho atakosa tena, naye bwana atapata kuadhibu makosa yote mawili kwa pamoja? Mzee anamwachilia. Tamthilia inakwisha hapo, na kesho haionyeshwi.

Mguu uliokunjwa, mkono shavuni, utulivu ule wa mtu asiye na haraka: mfinyanzi ametwaa dakika hiyo hiyo ambamo mtumwa yuko karibu na moto kuliko wakati wowote na bado anaongea kama mwenye nyumba. Hakuna sababu ya kusema kwamba kila kisanamu ni Tranio. Wengine wamevikwa shada kichwani, kana kwamba wametoka karamuni. Lakini hali ni moja.

Nyuma ya kinyago alikuwapo mtu wa tatu, ambaye historia imemtupa mara nyingi: mchezaji. Sheria ya Kirumi ilimhesabu aliyepanda jukwaani kwa ujira kuwa mtu aliyepoteza heshima. Hakuruhusiwa kushika vyeo vya mji. Wachezaji wengi walikuwa watumwa au watumwa walioachiwa. Mwishoni mwa Cistellaria ya Plautus watazamaji huambiwa kwamba wachezaji wanakwenda kuvua mavazi, na kwamba aliyekosea atapigwa, asiyekosea atakunywa. Watu walicheka. Yamkini aliyekuwa amecheza mtumwa anayetishwa viboko alikuwa akivua kinyago na kwenda kuvipokea.

Kesi moja yalionyesha jambo hili kwa hesabu. Katika karne ya kwanza K.K. Roscius, mchekeshaji aliyesifiwa kuliko wote na kuvishwa pete ya dhahabu na Sulla, alimiliki kwa ubia na Fannius Chaerea mtumwa aitwaye Panurgus, jina lenye maana ya mtu wa kila hila. Fannius alimtoa mtumwa. Roscius alimfundisha sanaa. Panurgus akauawa na mtu mmoja wa Tarquinii, Quintus Flavius, na wabia wawili wakafikishana mahakamani juu ya fidia. Cicero, akimtetea Roscius, alitenganisha vitu viwili ndani ya maiti mmoja: mwili ulikuwa wa Fannius, na thamani yake ilikuwa ndogo, elimu ilikuwa ya Roscius, nayo ilikuwa na bei kubwa. Hotuba hiyo imesalia, ingawa si kamili. Kurasa zake zinajadili shamba, mikataba na vitabu vya hesabu. Kuhusu Panurgus mwenyewe, alifikiri nini au alizikwa wapi, hamna hata sentensi.

Warumi walimwita mtumwa wa umri wowote puer, mtoto wa kiume. Wasomaji wa Kongo hawahitaji maelezo marefu: boi wa enzi ya ukoloni aliweza kuwa na mvi na wajukuu, na bado akaitwa kwa neno hilo la Kiingereza ambalo Wabelgiji nao walilikubali bila taabu.

Nani alinunua visanamu hivi? Baadhi viliwekwa makaburini pamoja na maiti, wengine wakaviweka nyumbani. Wenye fedha nyingi walitaka mtumwa yule yule katika shaba au marumaru. Getty Museum huko California ina mtumwa wa shaba wa nusu ya kwanza ya karne ya kwanza B.K., aliyeketi madhabahuni, macho yake yakiwa ya fedha, naye ni chombo cha kufukizia ubani. Wa udongo alikuwa wa watu wa kawaida, na msimu wake mkubwa ulikuwa Saturnalia, sikukuu iliyoanza tarehe 17 Desemba, ambapo watumwa waliruhusiwa kula na hata kucheza kamari pamoja na mabwana. Siku zake za mwisho ziliitwa Sigillaria, yaani siku za visanamu, kwa sababu ya zawadi ndogo za udongo zilizouzwa na kupeanwa. Mshairi Martial, katika kitabu chake cha beti fupi za zawadi kilichotolewa katika miaka ya 80 B.K., anataja kisanamu cha udongo cha mtu mwenye kibiongo, na kinyago cha Mbatavi mwenye nywele nyekundu, mzaha wa mfinyanzi, ambacho wakubwa hukicheka na mtoto hukiogopa. Wabatavi, watu wa mdomo wa mto Rhine, walikuwa wameasi na kuyashinda majeshi ya Kirumi mara kadhaa katika miaka ya 69 na 70 B.K. Takriban miaka 15 ilikuwa imepita.

Waswahili husema kinyago ukichonga mwenyewe hakikutishi. Mara nyingi methali hii hutumiwa kumdharau mdogo aliyejifanya mkubwa, lakini inaeleza pia haja ya kuchonga. Mji uliojaa watumwa waliotekwa vitani, mji uliokumbuka vita vya watumwa wa Sicilia kuanzia mwaka wa 135 K.K., na watumwa 6,000 wa jeshi la Spartacus waliosulubiwa mwaka wa 71 K.K. kando ya njia ya kutoka Capua kwenda Roma, ulikuwa na sababu ya kutaka mtumwa wa shibiri moja, mwenye tumbo, asiye na silaha ila ulimi, wa kuwekwa rafuni. Baadhi ya wataalamu wa tamthilia hupenda kumwona mtumwa wa Plautus kuwa sauti ya wanyonge, kwa kuwa humshinda bwana. Kisanamu hakiungi mkono sana rai hiyo. Ushindi wa Tranio ni wa mchana mmoja, unamfaa kijana wa nyumbani kuliko yeye, na mnunuzi wa kisanamu alikuwa mtu huru.

Hata hivyo kinyago hakikukaa kimya daima. Mwaka wa 46 K.K. Julius Caesar alimtaka Decimus Laberius, mtu wa tabaka la wapanda farasi aliyekuwa mzee wa miaka kama 60, apande jukwaani mwenyewe katika maigizo mafupi aliyoyaandika. Kukubali kulikuwa kupoteza cheo, kukataa hakukuwezekana. Laberius akaingia katika sura ya mtumwa wa Kisyria aliyepigwa viboko na anayejinasua, akalia kwamba Warumi wanapoteza uhuru wao, akaongeza kuwa anayeogopwa na wengi hana budi kuwaogopa wengi. Macrobius anaeleza kwamba macho ya watazamaji wote yalimgeukia Caesar. Caesar akampa tuzo ya ushindi Publilius Syrus, ambaye kwa kweli alikuwa mtumwa aliyeachiwa kutoka Syria, kisha akamrudishia Laberius cheo chake kwa pete ya dhahabu na sesterisi 500,000. Katika maigizo ya namna hiyo wachezaji hawakuvaa vinyago. Huenda ndiyo sababu maneno yalipenya.

Linabaki suala la madhabahu halisi. Katika Roma ya Plautus, mtumwa kukimbilia madhabahuni na kupata kinga ilikuwa desturi ya Kigiriki. Watazamaji waliicheka kama walivyocheka mambo mengine ya kigeni yaliyotokea jukwaani. Nyumbani kwao bwana alikuwa na uwezo wa uhai na kifo. Ushahidi wa mtumwa mahakamani kwa kawaida ulipokelewa kwa mateso tu, kwa hiyo mzaha wa Tranio juu ya wenzake watakaohojiwa haukuwa wa kubuni. Mwaka wa 61 B.K. Pedanius Secundus, mkuu wa mji wa Roma, aliuawa na mmoja wa watumwa wake. Baraza la seneti likafuata sheria ya zamani, na watumwa wote 400 wa nyumba hiyo, wanawake na watoto wakiwamo, wakauawa, ingawa wananchi walikusanyika kupinga na Nero akalazimika kupanga askari njiani.

Lakini polepole jambo la jukwaani liliingia katika sheria kwa mlango usiotazamiwa. Watumwa walianza kukimbilia sanamu za makaisari. Seneca anaitaja desturi hiyo katikati ya karne ya kwanza B.K. kama jambo linalojulikana. Katika utawala wa Antoninus Pius, kati ya mwaka wa 138 na 161, magavana wa mikoa waliuliza wafanye nini na watu hao, na jibu lake limehifadhiwa na wanasheria Gaius na Ulpianus. Mojawapo ya barua zake ilimwendea Aelius Marcianus, gavana wa Baetica, kusini mwa Hispania, kuhusu watumwa wa mtu aitwaye Julius Sabinus waliokuwa wameikumbatia sanamu. Kaisari alianza kwa kusema kwamba mamlaka ya mabwana yasipunguzwe. Kisha akaagiza malalamiko yasikilizwe. Na ikiwa watumwa walitendewa kwa ukali uliopita kiasi, wauzwe, ili wasirudi chini ya mkono wa bwana yule yule.

Hakuagiza waachiwe huru. Kama malalamiko yao yalithibitika, walikuwa washuke kwenye sanamu waende sokoni, na bei yao apewe bwana.